Mchezaji Bora wa Mechi ni Ardhi

Mgeni rasmi, ambaye ni mimi. Mwenyekiti wa kikao, ambaye pia ni mimi baada ya kukosekana mwingine mwenye sifa. Waheshimiwa wachambuzi wa soka wa redio zote. Makocha mliofukuzwa na makocha mnaosubiri barua. Mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa. Baada ya kujibembeleza sana, nimelikubali ombi langu la kutoa muhadhara huu mkuu juu ya momenta na kani katika michezo ya kila siku. Mtaniita Mtaalamu Mwandamizi wa Fizikia ya Viwanjani. Hakuna chuo kilichothubutu kunipa cheo hicho, na kwa kuwa elimu haiwezi kusubiri urasimu, nimejipa mwenyewe kwa kauli moja, bila kura ya kupinga. Kwa muda mrefu umma umeaminishwa kwamba mechi hushindwa kwa ari, kwa moyo, kwa kujituma, kwa timu moja kuutaka mchezo kuliko nyingine. Leo nimekuja kuutoa umma huo tongotongo. Dai langu ni moja, na nitalirudia mpaka liwaingie: hakuna mchezaji, tangu michezo iwepo, aliyewahi kujisogeza mwenyewe hata sentimita moja. Wote husogezwa na ardhi. Mchezaji bora wa kila mechi mliyowahi kuitazama alikuwa amelala chini ya miguu ya wale mliokuwa mnawashangilia, akikanyagwa kwa dakika 90, na mwisho wa mchezo hakuna aliyemkabidhi hata ile hundi ya mfano.

Msingi wa dai hili si maneno yangu matupu, ingawa maneno yangu yangetosha. Yuko Mwingereza mmoja, Isaac Newton, aliyeniwahi kwa karne kadhaa. Kitabu chake cha mwaka 1687 alikiandika kwa Kilatini, uamuzi ninaouheshimu sana kwa sababu ulipunguza idadi ya wabishi. Humo aliweka kanuni tatu za mwendo. Momenta ya kitu hupatikana kwa kuzidisha tungamo lake, yaani kilo zake, kwa kasi yake na upande kinakoelekea. Momenta hiyo haibadiliki mpaka kani itoke nje na kukisukuma. Na kila kani ina pacha wake, aliye sawa nayo kwa ukubwa, anayeelekea upande wa pili. Hapo ndipo wachambuzi wengi hupotelea. Misuli ya paja, hata iwe minene namna gani, ni kani ya ndani. Msuli ukiuvuta mfupa, mfupa nao unauvuta msuli kwa kani ileile, hesabu inafutana, na mwenye paja anabaki alipo. Mtu hawezi kujinyanyua kwa kujivuta masikio, na kwa kanuni hiyohiyo hawezi kukimbia kwa sababu tu ana mapaja. Ili aende mbele, lazima apatikane wa nje wa kumsukuma. Haya, mtafuteni. Mwamuzi hamgusi, kocha anapiga kelele tu, mashabiki wako nyuma ya uzio. Anayemgusa ni ardhi peke yake. Mchezaji anaisukuma nyuma, nayo inamsukuma mbele, na msukumo huo wa pili ndio mnaouita mbio na kuulipia kiingilio.

Nianze ushahidi wangu na mchezo ambao wasomi wanaudharau na watumishi wa umma wanauheshimu, yaani kuvuta kamba. Katika mashindano ya SHIMIWI, ambako wizara na idara za serikali ya Tanzania humaliza kwa kamba ubishi ulioshindikana vikaoni, mtazamaji wa kawaida huona watu wenye vifua vipana upande huu, watu wenye vifua vipana zaidi upande ule, na mara moja hutabiri mshindi kwa kupima vifua. Makosa makubwa. Kamba haijui vifua. Kwa kuwa kamba yenyewe ni nyepesi ukilinganisha na watu walioishika, kani inayowavuta watu wa kulia ni sawasawa na kani inayowavuta watu wa kushoto. Nasema tena kwa faida ya waliochelewa: timu inayoshinda na timu inayoshindwa huvutwa kwa kani moja. Tofauti iko chini. Kila kikosi hushikiliwa na msuguano kati ya soli na udongo, na kiwango cha juu cha msuguano huo hutegemea mambo mawili tu: uzito unaokandamiza ardhi, na jinsi soli na udongo huo vinavyoshikana. Ndiyo maana mvutaji aliyefundishwa halali nyuma kwa mbwembwe. Hukita kisigino mpaka nyasi zikang'oka na kishimo kikafanyika, akakunja goti, akashusha nyonga karibu na ardhi, mikono akainyoosha na kuiacha ishike tu, kisha akaisukuma dunia kwa mguu. Na ole wake wa kwanza kuteleza, maana msuguano wa kisigino kilichokwisha kuanza kuburuzika ni mdogo kuliko wa kisigino kilichotulia. Mmoja akiburuzika, wenzake saba wanabebeshwa mzigo wake, udongo unamwachia wa pili, wa tatu, na kikosi kizima kinakwenda kama kilichoitwa mbele kupokea zawadi. Wachukue mabaunsa wanane uwasimamishe juu ya sakafu ya vigae iliyomwagiwa maji ya sabuni, halafu uwape wanafunzi wa sekondari wanane upande wa pili, penye udongo mkavu. Mabaunsa watakuja, tena watakuja wakiwa wamekunja sura zilezile za kutisha.

Kama kuna anayedhani hili ni jambo dogo, ajue kwamba liliwahi kuvuruga Olimpiki. Kuvuta kamba kulikuwa mchezo wa Olimpiki kuanzia mwaka 1900 hadi 1920, na mwaka 1908 jijini London timu ya Marekani ilipangwa kupambana na polisi wa Liverpool. Wamarekani wakavutwa upesi mno, wakashangaa, kisha wakafanya jambo la busara kuliko mchambuzi yeyote wa leo: hawakutazama mikono ya polisi, walitazama miguu. Wakaweka pingamizi kwamba buti za polisi wale ni nzito na zinaushika udongo kupita haki. Waingereza wakajibu kwa upole kwamba hizo ni buti zao za kazi, za doria za kila siku. Pingamizi likatupwa, Wamarekani wakajitoa, polisi wa Liverpool wakaendelea hadi kupata nafasi ya pili nyuma ya polisi wa Jiji la London. Watu wengi husimulia kisa hiki kama kichekesho cha viatu. Mimi nakisoma kama hati ya kihistoria: ni siku ambayo wanamichezo wa taifa kubwa walikiri hadharani, mbele ya dunia nzima, kwamba ugomvi wa kamba ni ugomvi wa nani kaelewana zaidi na ardhi.

Kutoka kwenye kamba twende kwenye mbio fupi, ambako kiburi cha misuli kimefikia kilele. Kabla ya vile vitalu vya kuanzia mbio kukubaliwa, mwanariadha alikwenda uwanjani na kijiko cha kuchimbia. Jesse Owens, aliyezoa medali nne za dhahabu Berlin mwaka 1936, alianza mbio zake kutoka kwenye vishimo alivyovichimba mwenyewe kwenye njia ya kukimbilia. Fikirieni heshima iliyomo humo: binadamu mwenye kasi kuliko wote anapiga goti kwanza, anaikorogakoroga ardhi, anaiomba ukingo wa kukanyaga ili isimteleze wakati wa kuisukuma. Kitalu cha leo ni kishimo kilekile kilichopewa bei. Ferdinand Omanyala alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani, Nairobi, Septemba 2021, na kuweka rekodi ya Afrika, hatua yake ya kwanza haikuwa ya kwenda mbele. Ilikuwa ya kusukuma bamba la chuma kwenda nyuma, bamba lililopigiliwa kwenye njia, njia iliyolazwa juu ya ardhi ya Kenya. Ardhi ya Kenya ikarudisha msukumo. Katika picha za ushindi ardhi hiyo inaonekana vizuri kabisa, ipo chini ya viatu vyake, ila hakuna mwandishi aliyeisogezea kipaza sauti.

Sasa naomba wenye moyo mwepesi washike viti, kwa sababu kanuni hii inadai jambo ambalo televisheni haijawahi kuwaonyesha. Momenta haizaliwi wala haifi. Mmoja akiipata kuelekea mashariki, mwingine ameipata kuelekea magharibi. Usain Bolt, mtu wa kilo 94 hivi, alipoweka rekodi ya sekunde 9.58 Berlin mwaka 2009 alifikia mwendo uliozidi mita 12 kwa sekunde. Zidisha, utapata momenta ya zaidi ya elfu moja na mia moja katika vipimo vya kilo na mita kwa sekunde. Aliitoa wapi? Aliichukua kwenye sayari. Sayari yenyewe, yenye tungamo la kilo ambazo ukiziandika unaanza na 6 kisha unapanga sifuri 24, ilirudi nyuma kwa kasi ambayo baada ya nukta ina sifuri 21 kabla ya kufika tarakimu ya kwanza. Kwa sekunde zote za mbio zile, umbali ambao dunia ilirudi nyuma haukuzidi takriban sehemu moja ya milioni ya upana wa protoni. Wapo watakaocheka na kusema kwamba kitu kidogo namna hiyo ni sawa na hakuna. Hao ndio walewale wanaoamini kwamba deni dogo si deni. Fizikia haina msamaha wa madeni: kilo kwa kilo, mita kwa mita, hesabu lazima ilingane pande zote mbili, na Bolt alipofunga breki baada ya mstari wa mwisho, dunia ikarudishiwa chake.

Anayedhani kwamba kazi ya ardhi inaishia kwenye kusukuma hajamtazama mrusha mkuki. Mkuki wa wanaume una gramu 800. Julius Yego wa Kenya, aliyejifunza ufundi kwa kutazama video za intaneti, aliurusha mita 92.72 Beijing mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia. Umati unatazama mkono. Ninyi, kwa kuwa sasa mna mwalimu, tazameni mguu wa mbele. Anakuja mbio, mwili mzima umebeba momenta, kisha hatua ya mwisho anaukita mguu wa kushoto mbele yake ukiwa umenyooka, na ardhi inauzuia kama ukuta. Nusu ya chini ya mwili inasimama ghafla. Nusu ya juu haijaambiwa isimame, hivyo inaendelea: nyonga inapinduka, kifua kinafuata, bega, kiwiko, na mwisho wa msafara huo upo mkuki mwepesi unaopewa kasi yote iliyokusanywa njiani na kuachiwa kwa mwendo unaokaribia mita 30 kwa sekunde. Ngumi nayo ni ndugu wa mkuki. Kila kocha wa ngumi hukagua miguu ya bondia kabla ya mabega yake. Katika raga, mtu wa kilo 80 anayekuja kwa mita 7 kwa sekunde ana momenta ya 560, akimzidi kidogo jitu la kilo 110 linalokuja kwa mita 5. Na kijana huyo mwembamba anajua kwamba akimnasa mwenzake miguuni na kumtoa chini, zile kilo 110 hazina tena mdhamini.

Tufike kwenye penalti, mahakama kuu ya soka. Mpira halali una gramu 410 hadi 450. Umewekwa mita 11 kutoka golini. Ukipigwa vizuri huondoka kwa mita kama 28 kwa sekunde, sawa na kilomita 100 kwa saa, na kufika langoni baada ya sekunde 0.4, muda ambao kipa hana nafasi ya kuuliza jina la mpigaji. Mguu na mpira hugusana kwa takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Katika muda huo mpira unabonyea, unajikusanya, unajirudisha, unaondoka na momenta ya 12. Gawanya 12 kwa muda ule mfupi na utapata kani ya wastani ya nyutoni 1,200, uzito unaozidi wa gunia la mahindi la kilo 100, lililotua kwenye uti wa mguu na kuondoka kabla ya kope kufumba. Kipa mwerevu akiupata mpira huo haukazii mikono. Anaipokea momenta ileile huku akirudisha mikono kifuani, ili ile 12 igawanywe kwa muda mrefu zaidi na kani ipungue. Lakini kabla ya yote hayo kuna mguu mwingine, ule usiopiga. Mguu huo unazama kandokando ya mpira, unafunga mwili breki, unaipa nyonga mahali pa kuzungukia. Huo ndio mguu wa kutazama, na chini yake kuna mchezaji wangu.

Siku mchezaji huyo alipogoma, dunia iliona. Mei 2008, Moscow, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, mvua inanyesha. John Terry wa Chelsea anakwenda kupiga penalti ya tano. Akifunga, kombe ni la Chelsea. Kipa Edwin van der Sar anakwenda upande usio sahihi. Moyo anao Terry, ari anayo, unahodha anao, na kombe anataka kuliko chakula. Mguu wa kusimamia ukateleza, mpira ukagonga mwamba wa pembeni, na Manchester United wakachukua kombe kwa penalti 6 kwa 5. Juni 2004, Lisbon, robo fainali ya Euro, David Beckham, mmoja wa wapigaji hodari wa mipira iliyokufa katika zama zake, alikita mguu kwenye nyasi zilizolegea pale kwenye nukta ya penalti, nyasi zikahama, mpira ukapaa juu ya goli, na England ikatolewa na Ureno. Magazeti yaliwahoji wachambuzi wa saikolojia. Hakuna gazeti lililomhoji mtaalamu wa udongo. Ukitaka kujua nani anafanya kazi katika ofisi, usiangalie nani ana kiti kikubwa. Angalia ni nani akikosekana siku moja kila kitu kinasimama.

Naona mkono umenyooshwa kule nyuma. Ushushe, nakujua swali lako: kama ardhi ndiyo mkimbiaji, mbona njia ya Berlin ilikanyagwa na wanaume wanane katika fainali ileile, na ni mmoja tu aliyetoka na 9.58? Pingamizi hili ni zuri, na linaonyesha kwamba muhadhara umeanza kuwasaidia. Jibu lake limo kwenye mapacha wa Newton. Ardhi ni mlipaji mwaminifu kupita kiasi: hurudisha kani ileile iliyopewa, wakati uleule, bila riba na bila kuchelewa. Mwaka 2000 Peter Weyand na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima watu waliokimbia juu ya mashine yenye kipima kani, na wakakuta kwamba wenye kasi hawawazidi wa polepole kwa kuzungusha miguu hewani haraka zaidi, isipokuwa kidogo sana. Wanawazidi kwa kukanyaga kwa kani kubwa zaidi katika muda mfupi ambao unyayo uko chini, muda ambao kwa mkimbiaji wa kiwango cha juu ni takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, au pungufu. Maana yake ni nini? Maana yake wakimbiaji hawapimwi kwa wanavyopaa. Wanapimwa kwa kiasi cha hoja wanachoweza kuiwekea ardhi kabla haijawaachia. Bolt alikanyaga mara 41 hivi katika mita 100. Mara 41 alizungumza na ardhi, na mara zote ilimjibu kwa sauti yake mwenyewe. Wengine saba nao walijibiwa. Waliongea kwa sauti ya chini.

Pingamizi la pili hutoka kwa wapenzi wa mipira ya kukata kona. Wanamtaja Roberto Carlos na ule mpira wa adhabu wa Juni 1997 mjini Lyon dhidi ya Ufaransa: mita kama 35, mpira unaelekea nje kabisa ya goli, kisha unarudi na kuingia, kipa amesimama anautazama. Hapo, wanasema, ardhi iko wapi? Mpira uko hewani! Waheshimiwa, hewa nayo ni ardhi, ila nyepesi. Mpira unaozunguka huku ukienda mbele huibeba hewa inayoupitia na kuitupa pembeni. Hewa iliyotupwa upande huu inautupa mpira upande ule. Mjerumani Heinrich Magnus alilichunguza jambo hilo katikati ya karne ya 19, akiwa anafikiria zaidi risasi na mizinga kuliko mipira. Mwogeleaji hali yake ni hiyohiyo, maji yanamrudishia anachoyasukuma. Mpiga tikitaka naye, akiwa hewani kichwa chini, anarusha mguu mmoja juu kwa kushusha mwingine ili mzunguko wa mwili ulipane, lakini kule juu hakupandishwa na malaika. Aliruka kutoka chini. Hata Alan Shepard, alipopiga mipira ya gofu mwezini mwaka 1971, alikuwa amesimama juu ya kitu. Popote palipo na mwendo mpya, tafuteni aliyesukumwa upande wa pili, mtamkuta.

Pingamizi la tatu ndilo zito, na kwa kuwa hakuna aliyelileta, nalileta mwenyewe ili nipate mshindani wa hadhi yangu. Mwanafizikia makini atasema hivi: ardhi imetoa momenta, sawa, lakini haijatoa nishati. Unyayo unapoikanyaga ardhi bila kuteleza, pale wanapogusana hakuna kinachosogea, na kani isiyosogeza kitu haifanyi kazi yoyote kwa hesabu za fizikia. Nishati yote ya Bolt, karibu jouli elfu saba akiwa kwenye mwendo wake wa juu, ilitoka kwenye chakula alichokula. Kuchanganya vitu hivi viwili kuliwasumbua hata wakubwa. Katika karne ya 18 wasomi wa Ulaya waligombana vikali kama kipimo cha kweli cha nguvu ya kitu kinachokwenda ni kilo mara kasi, au ni kilo mara kasi mara kasi tena. Mholanzi Willem 's Gravesande akadondosha vitufe vya shaba kwenye udongo laini, akaona kwamba kitufe chenye kasi maradufu kinaacha athari mara nne, si mara mbili. Na Mfaransa Émilie du Châtelet akaitetea hoja hiyo kwa ustadi katika kitabu chake cha mwaka 1740. Leo tunajua kwamba vipimo vyote viwili ni vya kweli, kila kimoja na kazi yake. Nakubali basi kwamba mchezaji ndiye anayegharamia nishati. Nakubali pia kwamba ardhi, kwa ukubwa wake, huchukua momenta nyingi bila kuchukua nishati yoyote ya kutajika, na ndiyo sababu ni mshirika mzuri namna hiyo: haimli mtu. Lakini mning'inizeni mwanariadha hewani kwa mkanda, arushe miguu mpaka ugali wote umwishie tumboni. Nishati imetumika, jasho limetoka, na hajaenda popote. Chakula hununua mwendo; duka lenyewe liko chini. Na naomba iingizwe kwenye kumbukumbu za kikao kwamba hata ubishi ule wa Ulaya uliamuliwa na udongo.

Baada ya kuwamaliza wapinzani, niseme na wenye timu. Klabu ikifungwa nyumbani mara tatu, hufanya mambo kwa mpangilio unaojulikana. Kwanza inamfukuza kocha. Pili inasajili straika kutoka mbali, mwenye kasi, chenga na mapaja ya kutosha. Tatu inamleta kucheza kwenye uwanja ambao mvua ikinyesha goli la kaskazini linakuwa bwawa, na kiangazi kikifika katikati panakuwa saruji. Straika anaisukuma ardhi nyuma, ardhi inamponyoka kama matope yalivyo, momenta hapati, na redioni wanasema ameshiba. Hata wale wanaodaiwa kuingia uwanjani usiku wa manane kuzika vitu, nawapongeza kwa jambo moja: wao angalau wameng'amua kwamba siri iko ardhini. Kosa lao ni kuzika hirizi mahali palipohitaji mabomba ya kutoa maji.

Kwa mamlaka niliyojipa, natoa mapendekezo. Mtunza uwanja, yule anayemwagilia, anayeziba vishimo, anayekata nyasi na kusawazisha nukta ya penalti kwa mguu wake, awekwe kwenye orodha ya kikosi kabla ya kipa, na posho ya ushindi impate yeye kwanza, kwa kuwa sasa hivi mshahara wake ndio unaosubiri wote wengine walipwe. Klabu isiruhusiwe kununua mshambuliaji wa bei inayozidi gharama ya nyasi atakazokanyaga. Mchambuzi atakayesema mchezaji "amekosa moyo" alazimike kueleza kwanza unyayo wake ulikuwa umekanyaga wapi. Hoja iko mezani. Wanaokubali waseme ndiyo. Anayepinga asimame apinge, nitamsikiliza kwa subira kubwa, kwa sharti dogo tu: awe amesimama bila kukanyaga chini.